Mtoto wangu hasomi, shule imemrudisha: nianzie wapi hapa Bukavu?

Mama, pole. Unasema kijana wako ana miaka 11, hajui kuhesabu, direkta amemrudisha nyumbani, na shangazi yake anataka afungishwe bila chakula kwenye chumba cha maombi. Hilo la kumfungisha kataa kabisa. Kuomba ombeni, lakini mtoto ale.

Kwanza apimwe masikio na macho, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama haelewi. Mweleze daktari kama huwa anakodoa macho na kunyamaza ghafla. Huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa. Kisha nenda uulize Heri Kwetu, kituo kinachohudumia watu wenye ulemavu hapa mjini. Kwa direkta, rudi na mtu wa kukusindikiza. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki ya watoto wenye ulemavu kusoma.

Nyumbani, mfundishe kazi moja tu. Tuseme kuosha sahani: shika mkono wake, sugueni pamoja, halafu umwachie kusuuza ile ya mwisho peke yake. Kesho hivyo hivyo. Akizoea, mwachie na kusugua. Usimkaripie mbele ya wageni, tafadhali.

Kwenye shirika lenu la parokia uliza wazazi wengine wenye watoto kama wako. Wapo, wengi wanaficha tu. Mkiwa watatu mnaweza kulindiana watoto siku ya soko. Dada yake mkubwa asiachiwe mzigo huo, naye ana masomo yake.