Boksi la keki za mwezi: anza na atakayepelekewa

Mkuu uliyeuliza namna ya kubuni boksi la keki za mwezi kwa duka la mikate la Guangzhou, China, ukaweka mchoro wenye joka, panda na Ukuta Mkuu: nimefanya kazi ya vifungashio katika jiji hilo, na ushauri wangu ni uviondoe vyote vitatu. Hivyo ni vya duka la watalii.

Keki hizi za duara ni za sikukuu ya Wachina ya katikati ya vuli, nayo ina vitu vyake. Huangukia tarehe 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda yao ya mwandamo, na sisi tunaohesabu Rajabu na Shaabani tunajua usiku wa 15 mwezi unavyokuwa. Kwa Wachina, mduara ule, wa mwezi na wa keki, ni familia iliyokutana bila pengo. Kuna Chang'e, mwanamke wa hadithi za kale aliyepaa hadi mwezini, kuna sungura anayetwanga dawa huko juu, kuna maua ya osmanthus yanayonukia majira hayo hayo. Chagua kimoja, ukipe boksi zima. Mimi ningemchukua sungura na kinu chake, maana mtoto anamjua na bibi anamjua.

Rangi: nyekundu na dhahabu ni salama, ila rafu nzima itakuwa nyekundu. Bluu nzito ya usiku yenye mwezi wa dhahabu hupendwa pia. Boksi jeupe lenye maandishi meusi usilifanye kabisa, hizo ni rangi za msiba.

Sasa jambo ambalo wabunifu wengi wageni hulisahau. Keki hizi watu hupelekeana: kwa wakwe, kwa bosi, kwa mteja. Anayepelekewa hukutana na mfuko wa karatasi kabla ya boksi lenyewe, kwa hiyo mfuko uchore kwa uangalifu ule ule, na mpini wake ubebe uzito bila kuchanika mlangoni kwa watu.

Pia soma kanuni zao kabla ya kuongeza droo na vifuniko. Tangu tarehe 15 Agosti 2022, keki za mwezi haziruhusiwi kuwa na zaidi ya tabaka 3 za kifungashio, na kwa boksi linalouzwa zaidi ya yuan 100, gharama ya kifungashio isizidi asilimia 15 ya bei. Madini ya thamani marufuku, na kuchanganya keki na bidhaa nyingine ndani ya boksi marufuku. Naiunga mkono kanuni hii kwa moyo wote. Maboksi ya zamani yalikuwa makubwa kama sanduku la safari, ndani keki nne tu, na kesho yake yote yamejaa kwenye mapipa ya taka.

La mwisho ni vipimo. Usipime keki tupu. Kila moja hukaa kwenye trei yake ya plastiki, ndani ya pakiti iliyozibwa pamoja na kipakiti cha kufyonza oksijeni. Omba duka likupe keki iliyokwisha fungwa hivyo, upime hiyo, ndipo uchore mstari wa kukata kadibodi.