Anza na Sifuri: Ushauri kwa Anayejifunza Misimbo ya Mwendo ya Treni

Wanaojifunza kuendesha treni za abiria kaskazini-mashariki mwa Marekani hukimbilia kukariri namba za misimbo, yaani mapigo ya umeme yanayopitishwa kwenye reli kumwambia dereva mwendo anaoruhusiwa: mapigo 180 kwa dakika, 120, 75. Kwa muda niliokaa nao katika chumba cha dereva nimeona kwamba anayeanza na sifuri, yaani kukosa mapigo kabisa, ndiye anayeelewa upesi, nami nashauri uanzie hapo.

Mfumo huu, ambao kampuni ya reli ya Pennsylvania iliuanzisha miaka ya 1920, hupitisha kwenye reli mkondo geu wa umeme wa hezi 100, uliokatwakatwa kuwa mapigo. Mkondo hutoka mwisho wa kipande cha njia ulichomo na kuijia treni, na koili zilizofungwa mbele ya magurudumu ya kwanza huunasa ili kifaa kilichomo ndani kihesabu mapigo yake. Ikiwa kuna treni nyingine mbele yako katika kipande hicho, magurudumu yake huunganisha reli mbili, mkondo ukaishia huko, nawe usipate kitu. Reli ikivunjika, hupati kitu. Waya ukikatika, vilevile. Ndiyo maana kukosa mapigo kumepewa amri kali kuliko zote: usizidi maili 20 kwa saa, na uwe tayari kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona.

Ukishalishika hilo, namba hazikusumbui. 75 ni maili 30, ukijiandaa kusimama; 120 ni maili 45; 180 ni mwendo wa juu unaoruhusiwa. Msimbo ukishuka king'ora hulia, na dereva asipothibitisha kwamba amekisikia na kupunguza mwendo, breki hujifunga zenyewe.

Hata hivyo, msimbo hueleza kama njia iko wazi. Haujui kona, isipokuwa wahandisi wameuwekea. Tarehe 12 Mei 2015, treni ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, iliingia kona ya Frankford Junction, Philadelphia, kwa maili 106 kwa saa mahali ambapo mwisho ulikuwa maili 50, na watu 8 wakafariki. Waliokuwa wakielekea New York hawakuwa na msimbo wa kuwapunguzia mwendo hapo, ilhali upande wa pili ulikuwa nao. Siku hizi kuna mfumo mwingine unaolinda kona, lakini bado nawataka wanafunzi wachukue kitabu cha njia, waandike kila kona na mwendo wake, na kuitaja kwa sauti kabla ya kuifikia, hata kama msimbo ni 180.