Kukata visiki vya mitiki kabla ya kupanda

Ndugu yangu wa Mtama, Lindi, umeuliza kama miche ya mtiki iliyorefuka kitaluni uipande hivyohivyo au uikate. Kata bila huruma, ubaki na kisiki, yaani kipande kifupi cha shina pamoja na mzizi wake. Chagua yenye mzizi mnene kama kidole gumba, bakiza shina sentimita 3 tu juu ya shingo ya mzizi, yaani pale shina linapokutana na mzizi, na mzizi mkuu sentimita 15 hadi 20. Vijizizi vya pembeni punguza. Panga liwe kali kweli, maana gamba likipondeka kisiki huoza. Visiki ulivyokata vifunike kwa gunia lililolowana, kivulini.

Mvua ya kwanza huku kwetu hudanganya, ngoja udongo ulowe hadi chini ndipo uvipande. Shindilia udongo kwa kisigino. Tafadhali usivipande chini ya mikorosho, mtiki hautaki kivuli kabisa. Machipukizi yakitoka mengi, bakiza chipukizi moja lililonyooka.