Kabla Hujachua Kifundo cha Mkono, Jua Kinauma Wapi

Sisi wasusi kifundo cha mkono kikianza kuuma tunasema mishipa imejikunja, tunatafuta mtu wa kuchua, kesho yake tunarudi kwenye rasta. Dada zangu, tulieni kwanza. Mkono wangu wa kulia uliponifikisha kwa daktari, aliniuliza mambo mawili: panauma wapi hasa, na saa ngapi?

Wangu ulikuwa unanisumbua usiku. Ganzi ilishika kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, lakini kidole cha mwisho kilikuwa salama. Nikiukung'uta mkono, ganzi inapungua. Hiyo ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa. Unapita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo pamoja na kano 9 za kukunjia vidole, na humo ndani hakuna nafasi ya ziada. Kazi ya kukunja kifundo kutwa inachangia, lakini hata ujauzito, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi polepole huleta hali hii, kwa hiyo omba upimwe sukari.

Dawa za maumivu, zile diklofenaki, hazikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kishikizo chenye kibati ndani, nikilala nacho kila usiku ili kifundo kikae kimenyooka. Inataka wiki kadhaa, usikate tamaa mapema. Na saluni nilibadilisha kiti, mteja akakaa chini zaidi nisije nikasuka huku nimekunja vifundo. Lakini ganzi ikiwa haiondoki hata mchana, unaangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba inanywea, usingoje. Hapo daktari anaweza kushauri upasuaji, maana mshipa ukibanwa muda mrefu unaweza usirudi kama zamani.

Mama mwenye kichanga mara nyingi huumia kwingine: upande wa gumba, hasa anapomnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani. Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali yakija hapo, huenda kano za gumba zimevimba. Daktari Mswisi, Fritz de Quervain, aliieleza hali hii mwaka 1895. Pumzisha gumba, mnyanyue mtoto kwa kumpakata chini kwa viganja. Isipotulia, sindano ya kupunguza uvimbe husaidia wengi.

Aliyeanguka kwenye bodaboda akajizuia kwa kiganja, huyo asichuliwe kabisa. Bonyeza kishimo kinachojitokeza chini ya gumba ukilinyoosha. Pakiuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna kamfupa hapo kanakopata damu kidogo, kakivunjika na kuachwa kanaweza kufa. Picha ya kwanza ya eksirei huenda isionyeshe ufa, kwa hiyo mkono ufungwe na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, hata kama maumivu yamepungua.