Gobore lililokutwa darini: raha yake, hatari yake, na kwa nini lisipigwe

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameeleza kwamba walipokuwa wakiezua paa la nyumba ya marehemu babu yake huko Makunduchi, Unguja, wamelikuta gobore limelazwa juu ya boriti. Baada ya kutazama video zao, anauliza watu wa Ulaya na Marekani wanaona raha gani katika bunduki hizi hata wakazifanyia mashindano, kama kuzitumia ni salama, na kama anaweza kulipiga la kwake kwa baruti tupu, bila risasi, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, ili kuchangamsha watu. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu nimekaa karibu na magobore katika nyakati mbili za maisha yangu: kwanza kwa ami yangu, aliyekuwa na kibali cha kulinda konde lake la uwandani dhidi ya nguruwe na kima, na baadaye Uingereza, nilikofanya kazi na kujiunga na klabu ya walenga shabaha wanaotumia bunduki za kushindilia tu.

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usilipige, si siku ya Mwaka Kogwa wala siku nyingine, na kabla ya yote lichukulie kuwa limeshindiliwa mpaka ithibitike kuwa ni tupu. Wazee waliolinda makonde usiku hawakungoja nguruwe aingie ndipo waanze kutafuta mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Bunduki ilishindiliwa mapema, ikaegemezwa pembeni, na asubuhi aghlabu iliachwa vile vile, kwa sababu njia nyepesi ya kuitoa shehena, yaani baruti na risasi zilizomo, ilikuwa ni kuipiga, na baruti ilikuwa ghali. Mwenyewe akifariki, hupandishwa darini ikiwa hivyo hivyo. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ikiwa haikuingiwa na maji, inaweza kulipuka baada ya miaka hamsini sawasawa na siku ilipomiminwa.

Usiuguse mtambo wake. Ukiona fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, imekaa kwenye kichuchu chake, usiibandue kwa kisu wala kwa msumari. Liache lilivyo, uwaondoe watoto chumbani, na uwaachie wanaoijua kazi hiyo. Kama hakuna fataki, chukua ufito mwembamba ulionyooka, simama pembeni ili mdomo wa mtutu usikuelekee wewe wala mtu mwingine, na uushushe taratibu mpaka ugote. Tia alama ya chaki usawa wa mdomo, kisha utoe ufito na uulaze juu ya mtutu kwa nje. Alama ikiwa usawa wa mdomo, na ncha ikifika usawa wa tundu la moto, lile la kitakoni linalopitisha moto kwenye baruti, mtutu ni mtupu. Ikipelea vidole vitatu au vinne, ndani mna kitu, huenda ni kiota cha nyigu, huenda ni baruti na marisau, na si kazi yako kubahatisha. Lisitobolewe, lisipashwe moto, wala lisipigwe «ili kulisafisha», kama nilivyoona mchangiaji mmoja akishauri. Nenda kwa sheha wako na kituo cha polisi ukiwa mikono mitupu, ueleze ulichokiona na mahali kilipo, nao wakuelekeze namna ya kulikabidhi. Usilifunge kwenye mkeka ukapanda nalo daladala.

Inafaa ujue pia limetoka wapi, kwa kuwa asili yake ndiyo inayonitia wasiwasi juu ya mtutu. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa mlango mkubwa wa bunduki zilizoelekea bara, na biashara hiyo ilikuwa nyeti kiasi kwamba mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani ulisema wazi kuwa bunduki, baruti na risasi katika kisiwa hiki ziuzwe kwa serikali yake tu, ilhali katika bandari zake nyingine ziliweza kuuzwa kwa yeyote. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizochongwa mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo mafundi wa Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, waliendelea kuunda gumegume za kupeleka Afrika wakati majeshi ya kwao yalikwisha kuziacha zamani. Nyingine zilikuwa madhubuti. Nyingi ziliundwa kwa kubana gharama.

Katika mtutu, karibu na kitako, huenda ukaona mihuri midogo. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni alama ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na herufi ELG ndani ya duara lililorefuka ni za Liège. Maana yake ni kwamba mtutu ulijaribiwa kwa shehena kubwa kuliko ya kawaida, nao ukahimili. Ulihimili siku ile. Tangu hapo umepata hewa ya chumvi ya pwani na masizi ya baruti, ambayo huvuta unyevu na kuula mtutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ikiwa hakuna muhuri wowote, huenda ni kazi ya mhunzi aliyetumia bomba la maji, na hilo ni baya zaidi. Baruti tupu haikuokoi na mtutu uliooza, na kitambaa kilichoshindiliwa juu yake huruka kwa nguvu ya kujeruhi mtu wa karibu. Ongeza na umati wa Mwaka Kogwa, na kile kibanda cha makuti kinachochomwa moto katika sherehe hiyo, huku wewe una pembe ya baruti kiunoni.

Sasa hiyo raha. Ipo, na kwa maoni yangu inatokana na kwamba kila tendo hufanywa kwa mkono na kwa utaratibu usiobadilika. Klabuni tulimimina baruti kwanza katika kipimo kidogo cha shaba, kisha ndipo ikaingia mtutuni. Kumimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe kumewagharimu watu mikono, kwa sababu kaa dogo lililobaki ndani likiwasha baruti, moto hupanda mpaka kwenye pembe yenyewe. Kisha risasi ya duara huvikwa kitambaa chenye mafuta na kusukumwa kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti pasipo nafasi, kwani nafasi ikibaki mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Mdeki huwa na alama inayokuonyesha kuwa umefika. Fataki huja mwisho kabisa, ukiwa umekwisha kuelekea shabaha. Ukifyatua na usisikie mlio, huishushi bunduki wala huichungulii. Unabaki umeilenga shabaha kwa dakika nzima au zaidi, kwani moto unaweza kuchelewa ndani. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii humo kamwe, hata chembe, kwa kuwa shinikizo lake ni la mtutu wa namna nyingine. Ukimaliza hayo yote unapata mlio mzito, wingu la moshi mweupe na harufu ya kiberiti, na ndipo unapongoja moshi utawanyike ili ujue kama umepata. Mwenye haraka haufai mchezo huu.

Ami yangu hakuwa na kipimo cha shaba, lakini utaratibu alikuwa nao. Juu ya baruti alishindilia makumbi ya nazi, ambayo huruka yakiwa na moto na kuendelea kufuka chini kwa chini, kwa hiyo kila alipopiga alikwenda kwanza kuyatafuta na kuyakanyaga, ndipo akamtazame nguruwe. Kabla ya kulala aliuosha mtutu kwa maji ya moto, akimimina mpaka yatoke meupe, kisha akaukausha na kuupaka mafuta.

Jambo moja la kutahadhari katika video ulizozitazama: sheria ya Marekani ya mwaka 1968 haizihesabu bunduki nyingi za aina hii kuwa silaha za moto, ndiyo maana unawaona watu wakizinunua bila matata. Uingereza zina kibali chake, na baruti nayo ina cheti chake. Kwetu gobore ni silaha kamili, na kuwa nalo bila leseni ni kosa hata likiwa la urithi.

Ukiruhusiwa kulihifadhi baada ya kukaguliwa na kuondolewa uwezo wa kupiga, lisisuguliwe kwa msasa, kwa sababu mihuri ndiyo historia yake. Futa kutu kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ulitundike mbali na dirisha la upande wa bahari, na utuwekee hapa picha ya mihuri hiyo ili tuisome.