35W au 35E? Maswali yenu kuhusu barabara za Minnesota

Nimehamia Burnsville mwezi jana. Binamu aliniambia nishike 35 kuelekea kaskazini hadi kwake Minneapolis. Nikaenda weee, kushtuka niko St. Paul. Nilikosea wapi?

Pole sana, ndugu yangu. Hapo wageni wengi hupotea. Barabara ya 35 inaanzia Laredo, Texas, mpakani na Mexico, na inaishia Duluth. Ikifika Burnsville inagawanyika: 35W inapita Minneapolis, 35E inapita St. Paul, kisha zinaungana tena karibu na Forest Lake. Herufi hizo zinakuonyesha tu tawi lipi liko magharibi na lipi liko mashariki. Hazikuambii wewe unaelekea wapi. Mwelekeo umeandikwa juu ya ile ngao ya buluu yenye kichwa chekundu. Kibao kikisema "35W South", maana yake unakwenda kusini kwa tawi la magharibi. Basi kila anayekuelekeza kwake, mbane akutajie herufi.

Na kama unaendesha lori, kuwa makini zaidi. Kipande cha 35E kinachoingia katikati ya St. Paul kutoka kusini kimepigwa marufuku kwa magari ya zaidi ya pauni 9,000, na mwendo wake ni maili 45 kwa saa. Wakazi wa pale walipigania jambo hilo miaka mingi kabla barabara haijafunguliwa, na mimi nawapa haki yao. Wewe pita 35W, au zungukia 494.

Niko St. Cloud. Mbona kwenye barabara ya 94, baada ya eksiti (njia ya kutokea) 171 inakuja 178? Zilizo katikati ziko wapi?

Hazipo. Namba hizo zinahesabu maili, hazihesabu eksiti. Kwenye 94 hesabu inaanza magharibi, Moorhead, pale unapovuka mto kutoka North Dakota. Kwa hiyo kutoka 171 hadi 178 ni maili saba. Kwenye 35 inaanza kusini, mpakani na Iowa.

Tafadhali zoea kusoma vile vibao vyembamba vya kijani kando ya barabara. Gari likikufia usiku wa Januari, theluji imefunika kila kitu, ukapiga 911 na kusema "niko 94, naelekea mashariki, maili ya 185", watakufikia. Ukisema "niko porini baada ya St. Cloud", utaganda.

494, 694 na 394 zinahusiana vipi na 94?

Ni watoto wake. Tarakimu mbili za mwisho ni jina la mama. Ya kwanza ikigawanyika kwa mbili, barabara kwa kawaida huzunguka mji: 494 kusini, 694 kaskazini, pamoja ni duara. Isipogawanyika, huwa ni tawi, kama 394 inayoingia Minneapolis na kuishia humo. Kati ya Maple Grove na Brooklyn Center utaona 94 na 694 kwenye nguzo moja. Ni lami ileile, usihangaike kubadilisha njia.

Namhudumia mzee mmoja, Mmarekani mweusi wa St. Paul. Kila nikisema tupite 94 ananuna. Kuna nini?

Usimlazimishe, dada. Huenda 94 ilipita juu ya nyumba yao. Rondo ulikuwa mtaa wa watu weusi, wenye nyumba zao, makanisa yao na maduka yao. Kulikuwa na pendekezo la kupitisha barabara kaskazini zaidi, kando ya reli. Likakataliwa, na mamia ya nyumba za Rondo zikabomolewa. Kipande hicho kilifunguliwa mwaka 1968. Mwaka 2015 meya Chris Coleman aliomba radhi hadharani, lakini nyumba hazikurudi.

Kila Julai watu wa Rondo hukutana kusherehekea mtaa wao. Muulize kama angependa umpeleke. Siku nyingine pita University Avenue, inakwenda sambamba na 94. Mtachelewa dakika chache tu.