Kabla hujaigusa skrubu ya kabureta

Wiki hii umeingia ujumbe kutoka mwalo wa Kasenyi. Mashine ya mtumbwi ni Yamaha ya nguvu za farasi 40, tu-stroki (ile ya petroli iliyochanganywa na oili), ya siku nyingi. Ikiwa nyutro inaunguruma vizuri. Ikitiwa gia ya mbele inapiga chafya mara mbili, inazima. Mwenye mtumbwi ameshazungusha skrubu ya kabureta huku na huku hadi hakumbuki ilianzia wapi, na sasa anauliza azungushe upande gani tena.

Asizungushe popote kwanza. Skrubu ile ndogo inatawala mwendo wa chini tu. Ukishafungua mafuta zaidi ya hapo, kazi inachukuliwa na jeti kubwa iliyo ndani, yaani kipande chenye tundu lililopimwa la kupitishia petroli, na hiyo haina skrubu ya kurekebisha katika mashine nyingi za mialo yetu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mashine haivuti ikiwa imebeba watu na jerikeni, halafu anashika bisibisi, anatibu goti kwa mgonjwa wa jino. Na kabureta chafu hairekebishiki. Utapata mlio mzuri asubuhi, adhuhuri kipande kingine cha uchafu kimehama, unaanza upya.

Anzeni na vitu vya bure. Fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Minya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta hadi iwe ngumu. Mashine ikianza kulegea majini, mwenzako aminye pampu hiyo tena na tena: ikipata nguvu papo hapo, kabureta haina kosa, mafuta hayafiki. Tafuta mpira uliopasuka, chujio lililoziba au ngozi ya pampu iliyochoka. Ikikataa, vuta choki kidogo sana. Ikichangamka, inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Ikizidi kuzama, mafuta yamezidi. Pima pia kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda kwa geji. Zikipishana zaidi ya asilimia 15 hivi, acha kabureta ipumzike, ugonjwa uko kwenye pistoni na ringi.

Halafu petroli yenyewe. Ile inayouzwa kwa jerikeni ufukweni, mimina kidogo kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache dakika 10. Maji hukaa chini na mstari unaonekana kwa macho. Oili ni 50 kwa 1 kwa mashine nyingi za aina hii zilizokwisha zoea, maana yake mililita 400 kwa jerikeni ya lita 20. Thibitisha kwenye kitabu cha mashine yako. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoleta plagi nyeusi leo na pistoni iliyokwaruzika kesho, kisha wote wanamtazama fundi.

Sasa usafi, na hapa ndipo watu hukosa subira. Fundi akiomba muda wa saa mbili afungue kabureta anaambiwa anavuta siku. Anayezungusha skrubu dakika mbili na kuondoka na pesa anaitwa mtaalamu. Haya.

Kabla ya kuitoa skrubu, ikaze polepole kwa vidole viwili ukihesabu mizunguko hadi iguse tu. Andika hesabu hiyo hata kwa kalamu kwenye kofia ya mashine. Usiikaze kwa nguvu: ncha yake ni nyembamba kama sindano, ikibanwa inachorwa pete, na tundu inamokaa linapanuka. Ukitaka kujua kama wa kabla yako alikuwa mkono mzito, ishike juani na uigeuze taratibu. Ile pete utaiona iking'aa. Skrubu ya hivyo haitulii tena, nunua nyingine.

Fungua bakuli la kabureta, toa boya, sindano yake, jeti kubwa na jeti ndogo. Usichokoe kwa waya wa chuma wala pini, jeti ni shaba na tundu lake limepimwa. Chukua uzi wa nailoni wa nyavu, ule wa uvuvi mnao tele, pitisha taratibu, kisha dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Jeti ndogo ndiyo inayoziba mara nyingi, kwa gundi ya kahawia inayobaki petroli ikikaukia ndani. Inue kuelekea mwanga: usipoona duara safi kabisa, haijasafika. Ukirudisha, geuza kabureta juu chini. Katika nyingi za zamani boya likae sambamba na uso linapokaa bakuli. Weka gasiketi mpya. Ya zamani iliyopakwa gundi huvuta hewa pembeni, na hakuna skrubu inayoweza kushindana na hewa ya wizi.

Rudisha skrubu kwa hesabu uliyoandika, au kama imepotea anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa.

Kurekebisha kunafanyika majini, si juu ya mbao nchi kavu. Impela ya mpira, ile inayosukuma maji ya kupoza mashine, huungua ndani ya muda mfupi bila maji, na kama hakuna mkojo, yaani maji hayo yakitoka nyuma, zima. Funga mtumbwi kwa kamba mbili, mbele na nyuma, watoto wasiwe karibu na panga la mashine (propela). Pasha mashine dakika 5 hadi 10, choki imerudishwa kabisa, haijavutwa, kisha itie gia ya mbele kwa mwendo wa chini kabisa. Bila gia utajidanganya, kwa sababu haina mzigo.

Tazama skrubu imekaa wapi. Ikiwa upande wa mashine, baada ya kile kibao kinachofunguka ukivuta mafuta, kuikaza kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa mdomo wa hewa, kuikaza kunapunguza hewa, yaani mafuta yanazidi. Wengi huharibu hapa. Zungusha nusu robo tu, subiri sekunde 15, sikiliza. Ukipunguza mafuta, mlio utapanda kidogo, kisha utaanza kukatika na kupiga chafya. Kumbuka mahali hapo. Rudi upande wa pili hadi ianze kugugumia na kutoa moshi mzito. Weka katikati, halafu ongeza mafuta nusu robo. Hiyo nyongeza si uzembe: kwenye tu-stroki oili husafiri ndani ya petroli, ukibana petroli umebana oili. Kisha tu ndipo uguse ile skrubu nyingine, ya kupandisha na kushusha kasi ya mwendo wa chini.

Vuta mafuta kwa ghafla. Ikikohoa, ongeza nusu robo nyingine. Nenda ziwani na mzigo wa kawaida, kimbiza kwa nguvu zote dakika chache, zima hapo hapo bila kupunguza kwanza, fungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe ni hatari, usirudi mwaloni kwa kasi. Nyeusi iliyolowa, mafuta yamezidi au choki hairudi.

Neno kwa wanaonunua mashine za mkono wa pili. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, Albert liko takriban mita 620. Huku juu hewa ni nyepesi, ndiyo maana fundi mwingine wa Victoria huweka jeti kubwa ya namba ndogo ili moshi upungue. Mashine hiyo ikipelekwa Butiaba au Ntoroko, kule Albert, inakuta hewa nzito zaidi, inapata mafuta pungufu, na inakimbia vizuri sana kwa wiki kadhaa kabla pistoni haijashika. Soma namba iliyochorwa kwenye jeti kabla ya kulipa.

Kwa ndugu wa Kasenyi: chafya ya kwenye gia, baada ya hayo yote, mara nyingi ni jeti ndogo. Na jioni, kama mashine italala siku kadhaa, chomoa mpira wa mafuta ingali majini na uiache iungurume hadi izime yenyewe, ili bakuli libaki tupu.